Majivu Yaliyolowa

Shikamoo, Mama Yustina. Natanguliza salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba mtu hagusi udongo wa mwenzake kabla ya kumsalimu, na sasa wewe ndiye uliyelala udongoni. Nisamehe kwa utani huo. Ni wewe uliyenizoesha.

Ni mimi Kabula, Msukuma wako, yule mke wa jirani uliyemfundisha kufinyanga huku ukimcheka kwamba mikono yake imezoea kushika mikia ya ng'ombe. Hapa Bugarama mvua zimeanza. Kuku wako mwekundu amehamia kwangu, anataga ndani ya chungu kile kikubwa kilichopasuka mdomo. Vitu vyako vingine vipo kama ulivyoviacha, isipokuwa vile vyungu vidogo tisa. Hivyo ndivyo nataka kukueleza, maana moyo wangu haujatulia.

Unamkumbuka Mwalimu Felisiani siku ya kwanza? Mtu mzima na suti yake, amekuja harusini hapa kijijini, akaona vijungu ulivyowafinyangia wajukuu wachezee. Akachuchumaa pale, harusi akaisahau. Akatueleza kwamba tangu astaafu, kwake Biharamulo analea miti mifupi ndani ya vyungu, mkuyu wa miaka mingi lakini kimo chake hakimpiti kuku, na kwamba Wajapani wanaiita bonsai. Akaomba umfinyangie vyungu vidogo, vyembamba, vyenye tundu chini.

Ulikasirika! "Tundu? Mwalimu, mimi nimezeeka na jina zuri. Chungu kinachovuja ni aibu ya mfinyanzi." Na kweli, kila chungu chako kikishachomwa ulikijaza maji asubuhi, ukakiweka juu ya majivu makavu mpaka jioni. Majivu yakilowa, hicho hakitoki nyumbani. Ndiyo maana chumvi yako ilikaa kwenye kigae miaka yote. Mfinyanzi hulia gaeni, ukasema, vizima ni vya watu.

Ilimchukua Mwalimu safari tatu kukueleza kwamba maji yakituama mizizi inaoza. Safari ya tatu alikuja na mti wenyewe, ameupakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Ukauzunguka. Kisha ukasema, "Kumbe nao unakunywa na kukojoa kama sisi." Ukachukua unyasi, ukatoboa.

Mimi sikuvipenda, Mama. Leo nakiri. Niliona unapoteza nguvu kwa vitu vya kuchezea wakati watu wanataka vyungu vya maharage. Kifua kilipokubana, nilikukuta umekaa mlangoni unalainisha ukingo wa kimoja kwa kipande cha kibuyu, unahema, na nikakukaripia: "Acha hivyo vya watoto, ulale." Hukukasirika. Ulinijibu, "Kikubwa kinasamehe, Kabula. Kidogo hakisamehi." Ukavifunika vyote tisa kibandani kwa majani ya mgomba, ukaingia ndani. Hukutoka tena. Maneno yangu ya mwisho kwako yakawa ya kukaripia, na hayo nimelala nayo na kuamka nayo.

Siku za msiba hakuna aliyeshika jembe wala udongo, kama ilivyo desturi. Nilipika, nilichota maji, kila nikipita kibandani pako nayaona yale majani ya mgomba. Nikajiambia, vyungu vya Mama vitaningoja. Nitavichoma mwenyewe, hata kimoja hakitapotea. Nilidhani kwa namna hiyo utanisamehe.

Siku ya kumaliza matanga nikafunua. Mama, matundu hayakuwepo. Yote tisa yamezibwa, yamelainishwa vizuri kabisa, na udongo umeshakauka.

Nilipiga kelele mpaka watu wakadhani nyoka. Akaja mdogo wako, Mama Mdogo Sesilia wa Mugoma, akasimama mbele yangu, uso umetulia. "Ni mimi," akasema. Alivikuta siku ya mazishi vikiwa bado na unyevu. Yeye naye mfinyanzi, mmejifunza kwa mama mmoja, na hakuna aliyewahi kumweleza habari za Mwalimu na miti yake. Akaona matundu tisa, akaamini ugonjwa umekupokonya mikono. Akavunja mwiko wa msiba, akashika udongo huku analia. "Sikutaka watu waseme dada yangu amekufa akifinyanga vyungu vinavyovuja. Nimemfichia aibu yake."

Hasira yangu ilikuwa mdomoni, nikaimeza. Ningemwambia nini mtu aliyekupenda kiasi hicho? Nikamkalisha, nikamweleza yote, suti, mkuyu, basi. Nilipofika kwenye kukojoa akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mimi nikamfuata. Nikamwambia na lile neno langu la mwisho. Akanifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Wewe ulimkaripia kwa kumpenda. Mimi nimeziba kwa kumpenda. Haya, lete kitambaa chenye maji."

Tulikaa mkekani pale pale mlangoni pako. Yeye analowesha sehemu iliyozibwa kidogo kidogo, mimi nazungusha ncha ya spoku ya baiskeli, taratibu, bila kukandamiza. Hapo ndipo nilipoviona vyungu vyako kwa mara ya kwanza. Nimeishi navyo, sikuviona! Kimoja kipana kama kiganja, kingo zake zimeinama ndani kidogo. Kingine kina miguu mitatu, kila mguu kama punje ya harage. Kwenye chungu kikubwa kidole kikikosea hakuna anayejua. Kwenye hivi, kila ulipogusa panaonekana, na hapakuwa na mguso hata mmoja usio na maana. Mikono ile haikuwa ya mgonjwa.

Vitatu vilipasuka mikononi mwangu. Pole, Mama. Kilipopasuka cha tatu nilitaka kuacha kabisa. Vitano vilitoboka salama. Cha tisa, kile kidogo kuliko vyote, Mama Mdogo alikifunika kwa kiganja chake. "Hiki niachie kama kilivyo," akasema. Tulipovichoma, alikijaza maji, akakiweka juu ya majivu, akakilinda mpaka jioni. Majivu yakabaki makavu. Sasa kipo Mugoma, anawekea chumvi. Chini yake kuna alama ya dole gumba lake, na pembeni alama ya lako.

Vile vitano nilimpelekea Mwalimu. Alikigeuza kila kimoja, akatazama chini kwanza, akavua miwani. Kisha akanionyesha mkuyu wake mkubwa, yaani mkubwa wa kimo cha kuku, bado umekaa kwenye kopo la plastiki. "Huu ulikuwa unamngoja yeye," akasema. "Sasa nani atanifinyangia?" Nikasikia sauti yangu ikisema, mimi.

Cha kwanza kilipinda. Cha pili kilipasukia motoni. Cha tatu kimetoka leo, chekundu, kingo zake zimetulia, tundu nimelitoboa kwa unyasi wako. Na unajua nilichofanya? Mkono wangu ulikimbilia ulichouzoesha: nikakiweka juu ya majivu, nikakijaza maji. Yakapita yote mara moja. Moyo ukanishtuka kwa aibu, nikatazama nyuma kama unakuja. Kisha nikakumbuka, nikacheka peke yangu mpaka kuku wako akaruka.

Nakuahidi sitaita tena kitu kidogo cha watoto. Mkuyu wa Mwalimu hautakosa chungu maadamu nina vidole, na kila nikimaliza kimoja nitakipima kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Mama, sikukaripii sasa, nakuomba tu. Majivu yamelowa, na jina lako halina aibu.

Msukuma wako,
Kabula