Ramadhani Hayumo Humu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako imefika. Bibi yako hajambo, mguu umepungua uvimbe. Mimi mgongo umechoka, lakini bado niko huku kwenye miwa.

Umenieleza kwamba programu za ofisini kwenu hazijui kitu kilipo. Zenyewe hutaja jina tu, na orodha ndiyo inayozielekeza. Umeniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa kuliko unavyodhani.

Kiwanda chetu cha sukari kilipouzwa kwa tajiri, wakubwa wapya wakatudai vyeti vya darasa la saba. Mimi niliishia la nne. Nikapeleka cheti cha binamu yangu Hamisi, nikaandikwa Hamisi. Nyumbani Matombo, kule mlimani, sikusema, niliona aibu.

Mama akaugua, akawa ananiita. Mdogo wangu Shomari akaja hadi getini kuniulizia. Baadaye alinisimulia.

"Ramadhani hayumo humu," mlinzi mpya alimwambia, kidole kwenye daftari.

"Angalia tena, bwana. Ni kaka yangu."

"Labda kahamia kwa mwanamke Kilosa!"

Shomari akarudi mlimani peke yake. Mimi nilikuwa ghalani, hatua chache kutoka pale, nabeba magunia. Habari zilinifikia mama ameshazikwa.

Basi mkibadilisha jina la kitu, mjukuu wangu, lile la zamani msilifute. Liacheni kwenye orodha, lielekeze palepale kitu kilipo. Yupo mtu atakayekuja na hilo tu.

Babu yako,
Ramadhani