Goti Lisilochubuka

Chumbani kwangu,
meza ya dirishani,
Jumanne, tarehe tisa.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa. U mzima? Kifua kimeacha kubana? Unakula, au bado unashindia chai na mkate? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikiamka. Mama yako hajambo. Shangazi yako naye amepona tangu ang'olewe lile jino, na sasa anaongea kutwa kufidia siku alizonyamaza.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa chumba cha pili, maana unajua shule mimi niliiona kwa nje nikipita. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe wala asipunguze. Ameniuliza kama nina hakika. Nimemjibu kalamu ni yake, ulimi ni wangu.

Kifurushi chako kilifika mwezi uliopita. Nilikuta mashujaa sita wa plastiki, wanasesere wale wale niliokutengenezea magoti, na karatasi ya kuniomba niwatie viwiko vya kukunjika mara mbili. Nilifurahi. Nikasema, watoto wamewachezea mpaka sasa wanataka zaidi. Nikachemsha maji ya kulainishia plastiki, nikatoa wembe na msasa, na ile mirija ya wino wa kalamu ninayoikata kuwa misumari ya viungo.

Kazi hii unaijua, umeiona ukiwa chini ya meza hii hii. Goti jipya huwa gumu. Mtoto analikunja, plastiki inasugua plastiki, rangi inachubuka kwa nyuma. Baada ya miezi linalegea, na mimi napaka tone la rangi ya kucha, ile isiyoonekana, ili libane tena. Majirani hunicheka eti bibi kizee kaacha kucha zake anapamba magoti ya watu.

Basi nikamshika wa kwanza, yule mwenye joho jekundu. Nikamkunja goti. Likagoma. Limekaza kama langu. Nyuma ya goti rangi nzima, kama siku niliyompaka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ana vumbi kwapani. Nikawageuza, nikakuta kila mmoja ametobolewa unyayo, tundu safi la mashine, la kumchomeka kwenye kijiti asimame. Mume wangu, ni mtoto gani anayemtoboa shujaa wake unyayo ili asitembee?

Nimefagia karakana ya miguu ya bandia pale hospitalini miaka ishirini na miwili. Sikusomea, nilitazama. Fundi wa miguu alikuwa akisema mguu usiokunjika ni fimbo iliyovaa kiatu, na mimi nikaliweka neno hilo moyoni pamoja na ufagio wangu. Ulipokuwa na miaka sita ukalia kwamba shujaa wako hawezi kukaa ndani ya gari lake, nilimkata magoti jikoni nikamtia mapya. Ulilala naye mkononi.

Ndiyo maana uliponiambia kwamba huko uliko kuna wodi ya watoto waliokatwa miguu, na kwamba mashujaa wangu watawaonyesha jinsi mguu mpya unavyokunjwa, sikuuliza swali la pili. Ulikuwa ukiwaleta wazima, magoti kama magogo, nami nakurudishia wanaoweza kuchuchumaa. Miaka miwili, na macho yangu haya unayajua yalivyo.

Nikamwita fundi cherehani akutafute mtandaoni kwenye simu yake. Hakuchukua muda.

"Bibi, huyu si mumeo?"

"Ndiye. Anafanya nini?"

"Amesimama mbele ya kabati la kioo. Mashujaa wako wamejaa humo. Na mkononi kashika kikombe cha ushindi."

"Soma maandishi."

Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha akasema, "Imeandikwa, kazi ya mikono yangu. Na chini yake, tafadhali usiguse."

Kikombe sikuonei wivu. Ningekipata mimi ningekinywea chai. Kusema mikono ni yako ningemeza pia, maana mikono hiyo niliiosha mimi kabla hujajua kuiosha. Kinachonikaba ni yule msichana.

Yule uliyenihadithia kwenye simu, wa mguu mmoja, anayelala na shujaa wangu kifuani na amempa jina la Bibi. Niliusimulia ukoo mzima. Shangazi yako alilia hadharani. Kila alfajiri nimemwombea mtoto yule kabla sijajiombea goti langu. Nilipokupigia nikakuuliza anaitwa nani, ulikohoa, kisha ukasema, "Bibi, nilitaka tu ufurahi." Nikakata simu. Kumbe miaka miwili nimemwombea mtu asiyekuwepo. Mungu naye atakuwa amechoka kutafuta anwani.

Nilikuwa najua kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba nguo yenyewe niliishona mimi.

Ulipopiga tena ukasema sielewi, watu wazima wa huko wanaithamini kazi kwa kuitazama. Watazame milima. Ungeniambia tangu mwanzo, "Bibi, nataka kushinda kikombe," ningekutengenezea mashujaa wa kupanda ukuta, na ningecheka nawe. Hukuwa na haja ya kunitungia mtoto mgonjwa. Umeona kwa upendo mtupu sitafanya kazi, ukanitilia na huruma, kama anayemtilia punda mzigo wa pili. Hilo ndilo lililoniuma, na bado linaniuma nikisema.

Sasa sikiliza. Wale sita hawarudi. Niliwaloweka kwenye maji ya moto mpaka magoti yakaachia, nikaziba matundu ya nyayo, nikawafunga kwenye kanga yangu nikaenda nao karakana. Fundi wa miguu bado yupo, mvi tupu. Akaniuliza, "Umerudi kufagia, mama?" Nikamwambia safari hii nimeleta wagonjwa.

Palikuwa na msichana anajifunza kutembea kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Ana pengo la meno mawili na hasira za kutosha watu watatu. Alikuwa amekaa chini, hataki tena. Nikamtupia yule wa joho jekundu mapajani. Akamkunja goti, akamnyoosha, akamkunja. Akatazama goti lake la chuma. Akalikunja na lenyewe, polepole, kisha akanikazia macho kama aliyekamatwa akiiba sukari.

Nilirudi jana. Joho limechanika, mkono mmoja umetoka, na nyuma ya goti pamechubuka mpaka plastiki nyeupe inaonekana. Nikatoa rangi zangu nimrembeshe. Akanizuia mkono. "Bibi, usimfanye mpya. Mkaze tu."

Nilimkaza. Tone moja la rangi ya kucha.

Usidhani nimekuacha. Talaka sikupi, utakaa na aibu yako humu humu ndani ya ndoa. Ila meza yangu imefungwa kwako mpaka ufanye jambo moja. Waliobaki kwenye kioo watoe kwa mkono wako. Ile wodi kama ipo, nenda. Kama haipo, huko hakukosi watoto. Uwape, ukae nao, usipige picha. Kisha baada ya miezi kadhaa umwombe mmoja wao akuazime shujaa wake, unitumie, nami nitamrudisha kwake nikishamtazama.

Jina la mtoto huyo usiniandikie, maana majina unajua kuyatunga. Nitamgeuza tu nitazame nyuma ya goti. Goti halijui kusema uongo.

Nisalimie mjomba wako Kijiko na mkewe, na mwambie deni la kunipigia simu bado lipo. Mama yako anakusalimu, barua hii hajasomewa, ni yetu wawili na huyu fundi anayejikohoza hapa. Shangazi yako anakusalimu kwa maneno mengi mno, karatasi haitoshi.

Mungu akulinde huko uliko, akufungue kifua, akupe riziki ya mchana kweupe, na akulainishe pale ulipokaza.

Wako akupendaye, aliyekasirika vile vile,
Bibi yako.