Sahani ya Bibi Lango

Kalangalala, Geita
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeshavaa ile miwani ya kamba na kabla hujaitikia unanitafutia makosa. Itikia kwanza, Mwalimu, makosa yapo tu, hayakimbii. Mgongo unaendeleaje? Na lile sikio la kushoto? Shangazi anasema siku hizi simu unaishika unaitikia "ndiyo, ndiyo" kumbe hujasikia hata neno moja, ndiyo maana nimeamua kukaa chini niandike. Barua nampa jirani yangu anayekuja Tanga harusini, atakufikishia mkononi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Shamimu yuko na lori lake la mawe, vumbi analorudi nalo nyumbani lingetosha kupandia mihogo. Shamimu ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka babu yake ajue kwamba hakulia. Uongo, alilia.

Ulitufundisha kwamba barua iseme mapema inataka nini. Haya, inataka hiki: Baba, ule ukurasa wa kitabuni ambao Bibi Lango anarudi, uliutoa wapi?

Usicheke. Nimekula kiapo mbele ya banda zima la wachimbaji kwa ajili ya ukurasa huo.

Nianze mwanzo. Ukuta mmoja na kibanda changu cha cherehani kuna banda la video. Mwenye kipaza sauti pale ni Masanja, bwana mmoja mnene wa Kishapu, sauti yake ya mnadani kabisa. Kazi yake ni kuweka muvi za Kizungu na kuzitafsiri palepale, anasema juu ya sauti za waigizaji. Sasa mwaka huu wakaleta muvi ndefu yenye sehemu sita, kila Jumapili mchana sehemu moja. Mimi nashona baibui la mteja, nasikia kupitia mabati: mfalme asiye na kivuli, kisima cha moto, Watu wa Chini ya Mlima. Mguu ukagoma kwenye pedeli. Baba, ni vitabu vyetu! Vile sita vya majalada ya kijani ulivyokuwa ukitusomea mimi na Salimu barazani baada ya alasiri, macho kwenye Kiingereza na mdomo kwenye Kiswahili. Nikaacha baibui la watu, nikaingia.

Ubishi wa mle ndani hujapata kuuona. Masanja amewapa Watu wa Chini ya Mlima Kisukuma. Wafalme wanasema Kiswahili cha pwani, na ananitazama mimi akiwaigiza, lakini ukishuka mlimani kila mtu anasalimia "mwadila, mwadila." Kuna mzee wa Ushirombo, Msumbwa, mfua majembe, hakubaliani kabisa. Anasema wahunzi wa nchi hii ni Wasumbwa toka enzi, kwa hiyo watu wanaofua chuma chini ya mlima waseme Kisumbwa. Masanja anamjibu kwenye kipaza sauti huku mapanga yanaendelea: "Mzee, leta Msumbwa wako atafsiri, mimi sinaye!" Ndipo mimi nikasimama, nikawaambia kitabuni wale watu wana lugha yao wenyewe, na baba yangu alikuwa haitafsiri, anaisoma vilevile mpaka tukaijua kwa kuimba. Nikawaimbia. Wakataka tena.

Tangu hapo nikawa mtu. Mabishano yote yanaletwa kwangu, hata na wasio na nguo ya kushona. Kivuli cha mfalme kilikwenda wapi? Kisima kilichimbwa na nani, na maji yake yaliisha lini? Wachimbaji wao wamewakasirikia waliotengeneza muvi. "Mchimbaji gani ana kucha safi hivi? Na shimo lote lile wanashuka bila matimba?" Matimba ni yale magogo ya kuzuia ukuta usiporomoke. "Hawa watakufa, utaona."

Na kweli. Sehemu ya tatu mlima ukashuka. Unakumbuka, Bibi Lango anabaki ndani, anauzuia ule mlango wa jiwe kwa mgongo wake mpaka wenzake wote watoke, halafu mwamba unamfunika. Masanja aliacha kutafsiri. Watu wazima, wenye mikono ya sululu, wakawa wanatazama miguu yao.

Mstari wa mbele huwa anakaa mchimbaji anaitwa Bujiku, wa Kishapu pia, mtu wa taratibu sana. Akainuka, akanigeukia mbele ya wote. "Mama Shamimu, wewe umesoma. Anatoka?"

"Anatoka," nikasema. "Kitabu cha sita. Anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Wallahi naapa."

Basi ikawa kila siku akitoka kazini anapita dirishani kwangu. "Bado anatoka?" Namwambia bado anatoka. Anacheka kidogo, anakwenda zake kuoga.

Sasa sikia balaa. Kuna binti wa duka la vifaa vya ujenzi, Nisha, ukoo wao wa Kihindi uko hapa toka babu wa babu, na Kisukuma chake mimi sikipati hata nusu. Kumbe naye mgonjwa wa hadithi hii, na vitabu vyote sita anavyo. Akaja navyo mbio, tukavitandaza kwenye meza ya kukatia nguo. Nikamwambia fungua cha sita, pale wanapokula karamu ngomeni, mlango wa uani unagongwa, kuku wanatawanyika.

Nisha akanitazama. "Dada, ngome ya mawe ina kuku uani?"

"Inao. Na kinu kipo."

Tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Karamu ipo. Kuku hamna, uani hamna. Bibi Lango anatajwa mara moja, wanamwinulia vikombe, kwisha. Nikasema kitabu chake kimechapwa vibaya, kimeruka kurasa. Nisha hakubishana nami, alinihesabia tu namba za kurasa na zote zilikuwepo. Tukarudi cha tano, cha nne. Baba, hamna! Nilihisi aibu iliyoanzia masikioni.

Kufika Jumamosi habari imeshaenea, mzee wa Ushirombo ananiita Mama Hadithi. Hilo nililimeza. Lililonikosesha raha ni Bujiku, alipita dirishani na hakuuliza. Ndipo Masanja aliponieleza kwamba mdogo wake Bujiku alifukiwa kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao la dhahabu huku, na mpaka leo hawajamtoa. Kumbe kila siku mwenzangu ananiuliza hilo, na mimi na mkasi wangu namjibu "bado anatoka" kama namtania. Nililia mpaka nikalowesha suruali ya mteja.

Jumapili ikaja, sehemu ya mwisho. Nilifunga mlango, nikajifanya sipo. Masanja akanifuata. "Mama Shamimu, mimi natafsiri ninachokiona," akasema. "Kisichoonekana sina maneno yake. Njoo ukiseme mwenyewe, ukishindwa utakuwa umeshindwa mbele yetu, si mafichoni." Nikaenda. Bujiku alikuwa kwenye mstari wake. Wale wa kwenye muvi walipokaa karamuni na kuinua vikombe, Masanja akazima sauti na kunipa kipaza sauti.

Nikaanza: mlango wa uani ukagongwa, kuku wakatawanyika. Baba, mimi nilichokuwa nakumbuka ni kwamba anarudi tu. Yaliyofuata sikujua kama ninayo. Akaingia Bibi Lango, vumbi mpaka kwenye kope, akasema, "Mmenibakizia?" Wakamwonyesha sahani yake, imefunikwa kwa kawa. Akanawa, akakaa mkekani, akala wali wote na kulamba vidole. Kisha akawaambia: "Nimeshiba, wanangu. Kuanzia kesho msinifunikie tena. Kuleni nyie."

Hapo ndipo nikatambua. "Mmenibakizia?" si neno la Bibi Lango. Ni la Mama. Ndivyo alivyokuwa akiingia kila siku kutoka sokoni, kwa mlango wa uani, akiwaswaga kuku kwa kanga. Na mimi, mtoto wa miaka saba, baada ya kumzika nilikuwa nampakulia kila mlo na kuifunika sahani yake, na mtu akiigusa napiga mayowe mpaka majirani wanakuja. Salimu alikuwa akikitazama chakula kile na njaa yake. Hukunigombeza hata siku moja. Ulikuwa unatusomea tu, unatusomea, mpaka tulipofika kwenye karamu. Kesho yake niliiosha ile sahani mwenyewe, tukagawana wali na Salimu. Nilikuwa nimeyasahau yote haya, Baba. Miaka yote nimedhani ni kitabu!

Muvi iliisha, watu wakatoka bila ubishi, jambo ambalo halijapata kutokea. Bujiku alibaki.

"Alisema wasimfunikie tena?"

"Alisema."

"Kwa kuwa ameshiba?"

"Ameshiba kabisa."

Akaniambia mama yake kule Kishapu bado anamtengea yule mdogo mtu ugali wake kwenye kibakuli chake, na hakuna mwenye kifua cha kumwambia aache. Nami nikamwambia kweli yote, kwamba kitabuni haimo, ni baba yangu aliiweka.

"Baba yako si alikuwa anasoma?" akauliza.

"Alikuwa anasoma."

"Basi imo."

Nisha akaigeuza hadithi ile kwa Kisukuma na kuirekodi kwenye simu ya Bujiku. Wali akauondoa, akaweka ugali na maziwa ya mgando. Nikamwambia anaharibu kitabu cha watu, akanijibu kwamba baba yangu ndiye aliyeanza. Bujiku hakuituma, aliipeleka mwenyewe. Amerudi jana. Anasema mama yake aliisikiliza mara tatu, akamrudishia simu, akaenda kulala. Asubuhi kibakuli kilikuwa kimeoshwa na kuwekwa pamoja na vyombo vingine. Anakutumia salamu, anasema wabeja, yaani ahsante, kwa yule mwalimu aliyesoma.

Kwa hiyo sasa nijibu, nimekaa juu ya miiba hapa. Uliyaandika maneno yale mahali kabla, au yalikujia palepale na macho yako kwenye ukurasa? Uliigeuza karatasi kweli ulipokuwa unayasema? Mimi nakumbuka uliigeuza, lakini kumbukumbu yangu sasa naiogopa. Na ni mengine mangapi uliyotuongezea? Ule wimbo wa Watu wa Chini ya Mlima Nisha ameutafuta vitabu vyote sita, hajauona. Usiniambie nao ni wako! Niambie upesi, maana nimeshaufundisha Kalangalala nzima, wachimbaji wanaimba wakipanda kwenye lori.

Nisalimie sana Shangazi, mwambie kitambaa chake cha kijani nimekipata na nitakishona kwa vipimo vya mwaka huu, si vile alivyonipa. Msalimie Salimu na mkewe, na umuulize Salimu kama anakumbuka sahani. Kama hakumbuki mwache, alikuwa na miaka minne. Msalimie na jirani yako wa bao, umwambie kuiba kete nimekusamehe wewe, yeye bado.

La mwisho nimeliweka nyuma makusudi. Shangazi ameniambia, kwa kuninong'oneza kwenye simu utafikiri anatoa siri ya serikali, kwamba mpaka leo hii ukipakua unapakua sahani mbili, na moja unaifunika. Baba! Miaka yote hii? Sisi ulitusomea. Wewe ulisomewa na nani?

Nakuja. Baada ya Idi, Baba Shamimu ameshakubali. Siku hiyo wewe pakua kama kawaida yako, funika. Nitapitia uani, nitawatawanya kuku wa Shangazi, nitauliza lile swali la Mama. Nitakaa mkekani nile mpaka punje ya mwisho. Nikishashiba nitakwambia yale maneno, na sahani utaiosha mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura