Athumani na Dawa ya Majaribio

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Huku Jomvu Kuu tu wazima, ila magoti ya bibi yako yanazidi kumsumbua.

Umeniuliza kwa nini mdogo wangu Athumani alikubali kujaribiwa dawa. Miaka ile ya tisini homa ya ini ilimganda mwilini, haitoki, hata tumbo likamjaa maji. Daktari akataka kumtia kingamwili kwa dripu, zipigane na virusi.

"Zitaniponya?"

"Wallahi sijui, ndiyo maana tunajaribu."

"Wewe ndiwe wa kwanza kuniambia kweli. Haya, nitie."

Alipata nafuu, akarudi shambani. Kisha tumbo likajaa maji tena. Siku ya mwisho alimshika daktari mkono.

"Waambie watu dawa haikunifaa, asije mwingine akadanganywa."

Tukamzika Ijumaa. Mungu akuhifadhi huko ugenini.

Babu yako.