Nimetongozwa kwa Maneno ya Kuuzia Magodoro

Shangazi wa gazetini, shikamoo, na kama tumelingana umri basi nirudishie yangu, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nimeshamsimulia kila anayepita hapa ninaposhona na kila mtu ana lake, nikaona nikuandikie wewe usiyenijua, angalau hutacheka mbele yangu.

Mimi ni mjane, nashona mapazia na foronya kwenye kibaraza cha duka, shule niliiacha darasa la nne kwa hiyo nivumilie. Jirani yangu wa biashara ni muuza magodoro, wote tunamwita Baba Sponji, mkewe alishafariki, mtu msafi, shati limenyooka, na sauti yake Shangazi, akikwambia habari za asubuhi unajisikia umepewa zawadi. Akaanza kunitafutia wateja, mtu akinunua godoro anamwambia foronya kwa yule mama pale, mara kaniletea chai, mara ananisaidia kuingiza cherehani ndani jioni, na mimi si mtoto, nikajua kuna jambo linapikwa.

Sasa nina binti, yuko kidato cha tatu, mdomo karithi kwangu ila akili sijui katoa wapi. Mwalimu wao wa lugha, kadada kembamba kenye miwani, anawafundisha kupasua maneno ya watu kama unavyopasua samaki: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini, hapa kakutia huruma, hapa kakuharakisha, hapa karudia makusudi. Akawapa kazi, kila mtoto akakae karibu na mtu anayejua kushawishi, asikilize, kisha aandike anavyofanya. Wenzake wakaenda kwa wahubiri na wanasiasa, wangu akaenda kukaa juu ya magodoro ya Baba Sponji alasiri nzima, na mimi nikafurahi, nikasema vizuri, wanazoeana.

Jumapili nikamkaribisha mzee wa watu chakula. Nilipika mpaka jirani akauliza kuna nini. Tukala, akafuta mdomo, akanigeukia, akasema, "Mama, mimi si mtu wa kumsukuma mtu. Angalia mwenyewe, chunguza, jiridhishe. Kitu kizuri hakihitaji kelele." Moyo wangu huo! Mimi tayari naiona nguo ya harusi. Mara binti yangu, mdomo umejaa chakula, akadakia: "Lakini nisikufiche, kuna mwingine aliuliza asubuhi, akirudi sitaweza kumkatalia." Na mkono kaunyoosha vilevile anavyounyoosha Baba Sponji dukani! Mwanamume akamgeukia, maana ndilo alilokuwa anataka kusema.

"We mtoto, umejuaje?"

"Si ndivyo ulivyomwambia yule mzee wa godoro la inchi nane, baba? Hapo ndipo unapomharakisha mnunuzi."

Wee! Alisimama akasema amesahau kufunga duka, na siku hiyo duka halikufunguliwa kabisa. Tangu hapo akiniona anajifanya anapanga magodoro.

Basi nikaenda shuleni kuwaka. "Mwalimu, umenivunjia ndoa!"

"Pole mama. Lakini darasa zima hakuna aliyefanya vizuri kama binti yako."

"Sasa hizo alama ndizo zitanikanda mgongo uzeeni?"

Akaniambia nikae, kuna kazi ya pili, ya kutunga: mtoto amchukue mtu yuleyule, amfikirie akiwa hana la kuuza, aandike angesema nini. Akanisomea ya binti yangu. Eti Baba Sponji anasema: "Nalalia godoro zuri kuliko yote dukani na usingizi siupati. Ukianza kucheka kule kibarazani nazima redio nisikie. Kupika sijui, binti yako namuogopa, lakini ningependa kuzeeka karibu na kelele zako." Shangazi, nililia mpaka mwalimu akanipa kitambaa cha kufutia ubao, nikatoka na chaki usoni.

Sasa mimi huyu mtu nampenda, sifichi. Nimefikiria nimpe maneno haya ayakariri, arudi Jumapili ayaseme kama yake, na binti ajifanye hajui. Binti kanuna, anasema huo ni wizi. Niambie, nimpe nisimpe?

Mama Mapazia

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Mapazia, pole. Na nimecheka, ila mbali nawe.

Usimpe. Umwandalie mwanamume maneno, akutongoze nayo, halafu ushangae kama vile ndiyo kwanza unayasikia? Utakuwa umeolewa na kazi ya shule ya mwanao. Yakimwishia baada ya harusi, utamwambia binti atunge mengine? Na hebu jiulize nani aliyekuliza pale shuleni. Baba Sponji hajatamka hata neno moja kati ya yale. Mwanao ndiye aliyewatazama watu wazima wawili wapweke akawaonea huruma, na wewe unamwita mvunja ndoa.

Kwa upande mwingine, huyo baba usimfanye tapeli haraka. Mtu aliyeuza magodoro maisha yake yote, woga ukimkaba, ulimi unakimbilia njia unayoijua. Lakini usimwamini kwa sauti na shati pia. Mjane mwenye cherehani inayolipa anaonekana kutoka mbali.

Binti amuombe radhi Baba Sponji kwa kumkatiza mezani. Kwa alichokisikia asiombe radhi kwa mtu. Na shuleni usirudi kuwaka tena. Hayo anayofundishwa, wengine tungeyajua mapema tungeokoa miaka.

Kesho wateja wakipungua, nenda dukani kwake, kaa, muulize: "Ulikuja kwangu kutaka nini?" Kisha, na najua nakuomba jambo zito, nyamaza. Usimsaidie, usimmalizie, usimtolee mfano. Akigugumia, mwache agugumie. Akichapia, hayo ndiyo yake, yapokee. Akikwambia hakutaka kitu, rudi kwenye mapazia yako, umeshajibiwa. Na akilikaribia lile neno unalolisubiri, mama yangu, tafadhali, mwache afike mwisho wa sentensi ndipo ukubali.