Uzi wa Kibati cha Juma

Mpendwa somo yangu Zuhura,

Nimesikia kwamba ungali hai huko Tabora, nami nakuandikia kwa jambo moja tu.

Unaikumbuka kambi ya wapagazi wa vita, pale ambapo leo pana soko la Kariakoo? Tuliwauguza pamoja. Tuliwaosha vidonda vya miguu na kuwanywesha uji, na kila mmoja alivaa shingoni kibati cha namba. Nilipokusahihisha namna ya kufunga bendeji ulicheka. "Somo, wewe hata maiti utamwamuru alale sawasawa!" Wagonjwa nao wakacheka.

Kisha akaletwa Juma, mume wangu, akihara damu. Nilimwuguza siku tatu, nami nikaanguka kwa homa. Nilipopata nafuu ulikuja na kibati chake kiganjani.

"Amekwisha zikwa, somo. Wanaume wamemwosha. Stahimili."

Nikakaa eda. Wewe ndiwe uliyeniletea chakula, ukikiweka mlangoni bila kunitazama usoni. Eda ilipokaribia kwisha, hukuonekana tena mjini. Niliambiwa umekwenda Tabora, kwao Juma, kwa mume ambaye hukunitajia jina lake.

Wakati ule sikushuku. Sasa nashuku.

Mwezi huu Bwana Salim, mwenye duka la nguo mtaa wa Msimbazi, ameleta posa. Dada yake hunitania sokoni mbele za watu: "Bibi muuguzi, unangoja nini? Au mumeo atafufuka?" Jana nilifungua kisanduku changu ili nikizike kile kibati kabla sijamjibu. Kwa mara ya kwanza nikautazama vizuri uzi wake.

Kanuni yetu unaijua. Uzi wa maiti tuliukata kwa mkasi, maana fundo lililolowa jasho halifunguki upesi. Uzi wa aliye hai tuliufungua, ili tumvike tena. Uzi wa Juma ni mzima. Umefunguliwa kwa subira, na alama ya fundo ingali ikionekana.

Labda ulimtorosha kwa huruma, asirudishwe kubeba mizigo ya vita, ukaniogopa mimi nisiyejua kusema uongo. Labda ulimchukua. Labda siku ile mkasi ulipotea. Nafasi hiyo pia nakupa, ingawa siiamini.

Majibu ya maneno siyataki. Maneno mazuri ulikuwa nayo tangu zamani. Ndani ya barua hii nimetia uzi ule ule, nimeufunga fundo. Ikiwa Juma amekufa, ukate kwa mkasi. Ikiwa yu hai, ufungue. Kisha unirudishie. Bwana Salim nimemwambia angoje posta.

Bahasha sikuifunga kwa gundi. Yeyote aliyemo nyumbani mwako akitaka kusoma, na asome.

Nakuaga kwa salama, hadi uzi urudi.

Ni mimi somo yako,
mjane wa Juma, au mkewe.