Mke wa John

Toronto, 14 Julai 2009

Shikamoo Bibi,

Naapa kukueleza kila kitu, na kadi ikijaa nitaandika pembeni. Kwa baba mdogo wote hawajambo. Usiamini wanaosema Kanada ni barafu tu, tunatokwa jasho hasa!

Jirani yetu Bi Helen, mzee mpenda chai ya tangawizi, anatafuta mababu zake wa Uingereza katika sensa za zamani na vitabu vya kanisa. Jana aliniita nimsomee kwenye kompyuta, maana macho yake yamechoka. Tulipata ubatizo wa watoto chungu nzima wa babu yake wa kale, John, lakini kila mara padri aliandika kwamba mama ni "mke wa John", basi. Bi Helen akafoka, "Kazaa wote hao, na jina hana! Padri gani huyu?"

Nikacheka sana. Akaniuliza, "Na bibi yako anaitwa nani?"

"Bibi."

"Na watu wengine humwitaje?"

"Mama Zubeda."

Akavua miwani. "Kumbe padri mwenyewe ni wewe!"

Nikakimbilia kwa mama mdogo. Akaruka, "Nimtaje mama mkwe? Una wazimu!" Baba mdogo naye akacheka tu, "Si wewe kipenzi chake? Muulize mwenyewe."

Nimeona haya, Bibi. Sitaki wajukuu zangu waje kusoma kwamba ulikuwa "mke wa Babu" tu.

Mungu akutunze, na magoti yapate nafuu. Ni mimi Rehema wako. Nijibu upesi, tafadhali: jina lako hasa ni nani?